Majina Kwenye Karatasi za Karanga

Maiti ya Mikaeli Komba ilikutwa Alhamisi asubuhi ndani ya gofu la nyumba ya mawe huko Mikindani, chini ya ngazi zisizokwenda popote, maana ghorofa yenyewe ilishaanguka zamani. Aliyeiona ni mama mmoja aliyeingia kumsaka kuku wake. Hakupiga yowe. Alirudi nyumbani, akafunga mlango kwa komeo, akawahesabu wanawe, ndipo akapiga simu polisi.

Inspekta Halima Nandonde alipoelezwa hivyo alijua kazi iliyokuwa mbele yake. Mtu anayepiga yowe bado ana tumaini la kusaidiwa. Watu wa mtaa ule walikuwa wameogopa mpaka wakanyamaza.

"Kichwa kimegonga pembe ya ngazi," alisema Dakta Irene, amechutama, glovu mikononi. "Alisukumwa. Ona michubuko hii kifuani. Nitathibitisha kwenye uchunguzi, ila nadhani ilikuwa jana kwenye saa kumi na mbili jioni. Na hakufa hapo hapo."

"Alikaa muda gani?"

"Saa nzima. Pengine mbili. Angewahishwa hospitali, leo tungekuwa tunazungumza naye."

Koplo Elia, kijana wa Tukuyu aliyehamia Mtwara mwaka uliopita, alikuwa anaorodhesha vitu. Simu ipo. Pochi ipo, fedha zimo. Rozari ipo shingoni.

"Si wezi, afande."

Macho ya Halima yalikuwa yanatafuta begi la kitambaa la kijani ambalo Mikaeli hakuachana nalo hata akienda msalani. Begi lilikuwepo, limetupwa kwenye vifusi. Lilikuwa tupu.

Alikagua hata mishono yake.

Akainama karibu na sikio la marehemu. Mikaeli alikuwa Mngoni wa Songea, na Halima Mmakonde wa hapa hapa, watani wa tangu enzi za mababu walipokuwa wanatekana kwa mikuki. Kwa miaka sita Mikaeli hakuwahi kumwita afande. Alimwita mateka wake, mbele za watu, na Halima alimwita mla mahindi asiyejua samaki.

"Mngoni wee," alisema kwa sauti ndogo. "Jua limetoka, wewe umejilaza sakafuni. Leo nani kakuteka? Amka uone mateka wako wanavyokucheka."

Elia akamtazama kwa mshangao.

"Ni mtani wangu," alisema Halima. "Mtani halii msibani. Marehemu akituona tunalia atajua kweli amekufa." Kisha akageukia ukutani, akajifanya anachunguza chokaa, akafuta macho.

Kilichokuwa ndani ya begi lile kila mtu mjini alikijua, ijapokuwa hakuna aliyekiona. Ilikuwa daftari nene, kaunta buku ya kwaya mbili. Mikaeli alikuwa kiongozi wa Mpango wa Vijiwe Salama, kazi iliyolipiwa kwa fedha za umma: watu sita waliopewa posho wakae vijiweni na vijana, wawasikilize, wawatanie, wazime ugomvi kabla panga halijatoka ndani ya suruali. Watu walioketi maofisini walisema ni kulipa watu kupiga soga. Mama zetu wa uswahilini hawakusema hivyo, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakifua mashati yenye damu.

Kijana aliyekubali kuachana na kundi aliandikwa kwenye daftari lile. Jina, umri, na yote aliyoyasema. Majina arobaini na moja. Wengi walikuwa wamelikimbia kundi lililojiita Chaza, lile lile lililopigana Magomeni mwezi Machi, vijana wawili wakakatwa mapanga. Mmoja alikufa pale pale. Wa pili aliokotwa na mtu asiyejulikana, akafungwa jeraha kwa shati jeupe lenye mistari ya buluu, akaachwa mlangoni mwa hospitali, akapona. Mwokozi yule alitoweka. Shati lake lilikuwa bado stoo ya vielelezo, limekakamaa kwa damu.

Sasa daftari liko mikononi mwa mtu. Chaza wakilipata, watakuwa na orodha ya watu wa kuwatembelea.

Halima alirudi nyumbani kwake Chuno mchana ule ule, akamkuta Kassimu ameketi jikoni, hajavaa shati, simu mkononi. Kassimu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Tatu. Alikuwa na miaka ishirini, na Halima alimlea tangu ana tisa.

"Mama mdogo," alisema bila kusalimia. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na daftari?"

Halima akavuta kigoda, akakaa. Alitaka kumwuliza swali, akashindwa kulitamka. Kijana akalijibu hivyo hivyo.

"Jina langu limo. Tangu Aprili. Nilimwambia mzee Komba wanapoficha mapanga."

Halima aliyaona maisha yake yote ya kazi yakigeuka kitu kidogo. Alikuwa amekaa ofisini akisema mbele ya wazazi wengine, "Waangalieni vijana wenu," na wake alikuwa anakula ugali mbele yake kila siku.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Jumanne mzee alitukusanya wachache. Alisema ofisi imemkalia kooni, bila kuona majina fedha hazitoki. Akasema atalipeleka walione kwa macho, wahesabu, alirudishe. Wasinakili. Tulimkatalia. Akasema mpango ukifa, sisi ndio tutakaokufa." Akaweka simu chini. "Nataka kwenda Kitaya kwa babu."

"Kitaya ukafanye nini? Ukae mtoni pale mpakani, uvuke, upotee ng'ambo kama vijana wengine waliopotea? Hutoki humu ndani. Mlango usiufungue hata kwa mtu unayemjua."

Alitoka, akasikia komeo likiingia nyuma yake. Maelezo aliyopewa yalikuwa dhahabu kwa mpelelezi: Jumanne Mikaeli alikuwa na nia ya kulipeleka daftari ofisini. Lakini asingeweza kuyaandika popote bila kuandika aliyeyasema.

Kiongozi wa Chaza, Bakari, alikuwa mahabusu tangu Jumatatu kwa kosa la kupigana sokoni. Ukuta wa polisi wenyewe ulikuwa shahidi wake.

"Mikaeli Komba amekufa," Halima alimwambia.

"Mungu amrehemu."

"Nani alimtaka afe?"

"Mimi nipo humu, afande. Sisi tukitaka mtu aumie, huwa tunataka ijulikane." Kisha akasogea kwenye nondo, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa na uhai. "Na lile daftari, liko wapi?"

"Daftari gani?"

Bakari akatabasamu. "Basi hamnalo. Asante, afande. Na vijana wangu huko nje watafurahi kusikia."

Halima aliondoka hapo. Aliwaagiza askari wasimruhusu mgeni yeyote kumwona, lakini alijua mahabusu hapakosi tundu la kupitishia neno. Kufikia Ijumaa vijiwe vya Magomeni vilikuwa vitupu. Vijana walishinda ndani, na mama zao walikuwa wakienda kisimani wawili wawili.

Mratibu wa mpango alikuwa Goodluck Swai, mtu wa Machame aliyehamishiwa Mtwara miaka mitano nyuma. Mtu nadhifu, mzee wa kanisa, faili zake zimepangwa kwa rangi. Aliwakaribisha kwa adabu zote.

"Daftari sijawahi kuliona, Inspekta. Niliandika barua mbili kuliomba. Nakala hizi hapa."

"Kwa nini ulilitaka?"

"Taratibu. Fedha za umma lazima zioneshe zimemfikia nani. Yeye alileta idadi tu, arobaini na moja. Mkaguzi atajuaje kama ni watu au ni hewa? Na mwaka wa fedha unaisha Juni thelathini. Zisipotumika zinarudi, na wale wafikiaji sita wa vijiweni wanarudi nyumbani."

"Ulifikiria majina yale yangekaa wapi?"

"Kwenye faili."

"Na faili?"

"Kwenye kabati." Akalionyesha kwa kalamu. "Lina kufuli."

Elia akauliza, "Jumatano jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mke wangu mwalimu Anna atawaambia. Nilifika mapema, kichwa kilikuwa kinaniuma." Alipokuwa anawapa nakala za barua, alizihesabu mara mbili, akakosea zote. Halima aliona, lakini wiki ile nani alikuwa ametulia Mtwara?

Jumamosi na Jumapili zikapita bila kitu. Mwili wa Mikaeli ulisafirishwa Songea.

Jumatatu mchana Halima na Elia walikuwa ndani ya gari karibu na soko la Chuno. Inspekta hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake. Elia akateremka, akarudi na karanga za mia tano zilizofungwa kwenye karatasi iliyosokotwa ncha, akamkabidhi, akarudi tena sokoni kununua maji.

Halima akafungua karatasi, akamimina karanga kiganjani. Akatupia jicho maandishi, kama unavyosoma chochote unapokula.

Mwandiko ule aliujua. Herufi kubwa, zimelala upande wa kulia, mwandiko wa seminari. Juu kulikuwa na mistari mitatu iliyoanzia katikati ya habari. Hakuisoma, kwa kuwa jicho lilishaangukia chini yake.

*18. Kassimu T., miaka 20, Chuno. Ametaja mapanga yanapofichwa. Huyu asijulikane kwa hali yoyote.*

Karanga zikamwagika mapajani. Akatazama nje. Watu walikuwa wananunua nyanya, mwendesha bodaboda mmoja alikuwa anatafuna kitu huku akicheka na simu yake, na kwenye kila mkono Halima aliona karatasi.

Elia alikuwa bado anangojea chenji. Dakika moja, si zaidi. Halima akaikunja karatasi mara nne, akaisukuma ndani kabisa ya mfuko wa suruali. Hakujishauri. Mkono ulifanya wenyewe.

"Karanga hizi umenunua kwa nani?" alimwuliza Elia aliporudi.

"Yule mama pale, Hawa. Mbona umezimwaga?"

"Nimeona mwandiko wa Komba. Twende."

"Umeuona wapi?"

Halima alikuwa ameshashuka.

Hawa alikuwa mwanamke mnene wa Kimakonde, ameketi nyuma ya sinia la karanga na korosho. Pembeni yake palikuwa na rundo la madaftari ya shule, kama wauza karanga wote walivyo nalo. Juu ya rundo, jalada gumu la kaunta buku alikuwa amelifanya kipepeo cha jiko.

"Mama, shikamoo. Weka hilo chini."

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu? Haya ni yangu, nimenunua."

Kwenye kona ya jalada palikuwa na doa la kahawia. Elia akalipokea kwa glovu, pamoja na karatasi zake zilizobaki rundoni, bado zimeshonwa, akavitia kwenye mfuko wa kielelezo.

"Umechana karatasi ngapi humu?" Halima aliuliza. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Nne tu. Nimelianza leo. Katikati palikuwa pamelegea, zikatoka zenyewe, nikaanza na hizo."

"Umemwuzia nani?"

"Ah, nitakumbuka wote? Mmoja huyu askari wako. Mmoja mwenye bodaboda, yule wa kofia nyekundu. Mmoja mama mwenye mtoto mgongoni, kaenda kwa wauza mitumba. Na vijana wawili walipita, wamekula hapa hapa, wameelekea kwenye jalala."

Yaliyofuata watu wa Chuno wanayasimulia mpaka leo kwa kicheko, kwa kuwa hawakujua. Waliona inspekta mzima akimkimbilia mwendesha bodaboda na kumpokonya karanga mdomoni. Walimwona akimbembeleza mtoto wa mgongoni aachie karatasi, mtoto akilia, Elia akimpa biskuti. Kicheko chao kilimpitia Halima juu ya kichwa. Alikuwa anafikiri jambo moja tu, kwamba karatasi ya mwisho iko kwa vijana wawili wasiojulikana.

Waliikuta jalalani. Mbuzi alikuwa anaimalizia. Kilichobaki kilikuwa pembe moja yenye mafuta, neno hata moja halisomeki, na Halima Nandonde hakuwahi kumpenda mbuzi kama siku ile.

Walirudi garini, wakafunga vioo, wakapanga kila kitu juu ya kiti cha nyuma. Elia alikuwa makini kuliko umri wake. Alifuata namba za majina kwa kidole.

"Kumi na tano. Kumi na sita. Halafu hapa, tazama afande, ukurasa umechanwa taratibu mpaka kwenye uzi. Si Hawa huyu, Hawa anavuta tu. Mtu alimtoa wa kumi na saba peke yake. Ndiyo maana karatasi za jirani zikalegea." Akafunua. "Ya bodaboda ni kumi na tisa. Ya yule mama ni ishirini na ishirini na moja. Ya mbuzi haina kitu, ila ishirini na tatu ndiye anayefuata, basi ilikuwa ya ishirini na mbili. Aliyeficha daftari hili alitaka jina moja tu lisionekane. Lakini Komba aliandika upande mmoja tu wa karatasi, na alikuwa na maneno mengi, habari ya mtu mmoja huvukia karatasi inayofuata. Tungepata karatasi ya kumi na nane, juu yake tungekuta mkia wa kumi na saba."

Akainua macho.

"Ile niliyonunua mimi iko wapi?"

Ndani ya gari palikuwa na joto la tanuri. Halima alihisi ile karatasi inamchoma paja. Angeweza kusema upepo. Angeweza kusema ameitupa na karanga zake. Kijana huyu angemwamini, maana hakuwahi kumdanganya. Kassimu angelala salama.

Na mtu aliyemwacha Mikaeli akivuja damu saa mbili kwenye mawe angelala salama pia, kwa kitendo hiki hiki, cha kutoa karatasi moja ili jina moja lisionekane.

"Hii hapa," alisema, akaitoa.

"Ilikuwa wapi, afande?"

"Mfukoni mwangu. Namba kumi na nane ni mtoto wa dada yangu. Uandike hivyo hivyo kwenye taarifa, na saa uandike."

Elia alisoma. Alisoma tena ile mistari mitatu ya juu, akampa Halima. Halima akaisoma, akafumba macho.

Akashusha kioo, akamwita Hawa. "Mama, madaftari haya ulinunua kwa nani?"

"Kwa Mama Elisha, mwalimu, kule Shangani. Kila muhula huniuzia ya watoto wake. Jumamosi kanipa boksi zima kutoka stoo. Mumewe si yule mkubwa wa mambo ya vijana? Bwana Swai."

Jalada lilikuwa na alama tano nzuri za vidole vya Swai, na doa lilikuwa damu ya Mikaeli Komba. Mwalimu Anna aliulizwa juu ya Jumatano, akasema mumewe alirudi saa mbili kasoro, si mapema, na siku ile jikoni alikuta harufu ya karatasi iliyoungua kwenye jiko la gesi. Alipojua kwa nini anaulizwa aliketi sakafuni.

Goodluck Swai aliletwa chumba cha mahojiano Jumanne saa nne asubuhi. Halima akamsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema linaweza kutumika mahakamani. Akaweka jalada mezani.

"Hulijui hili?"

Mtu yule alilitazama muda mrefu. "Lilikuwa kwenye boksi," alisema mwishowe. "Chini kabisa. Nilisema nitalichoma. Nyumbani tunapikia gesi, Inspekta. Ukurasa mmoja ulijaza moshi jikoni, mke wangu akaja mbio. Nikiwasha moto uani, Shangani yote ingechungulia. Nikalificha kwenye madaftari ya watoto mpaka nipate nafasi."

"Naye akayauza."

"Kila muhula huyauza. Nilisahau."

"Mikaeli alikuletea lini?"

"Jumatano asubuhi. Alitaka nihesabu mbele yake. Simu ikamwita, akatoka barazani. Nikabaki naendelea kufunua." Akajifuta midomo. "Mimi ndiye niliyeyataka majina. Barua mbili. Nikafika la kumi na saba."

"Lilisemaje?"

"*Elisha G. Swai, miaka 19. Siku ya Magomeni alikuwepo. Alishika panga.* Ukurasa ukaishia hapo. Mtu alikufa Magomeni, Inspekta. Niliona kitanzi. Sikuona kitu kingine."

"Hukufunua karatasi iliyofuata?"

"Wewe ungefunua?"

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, ndivyo wasemavyo, lakini huyu alikuwa amejitegea mwenyewe kwa barua zenye muhuri, na bado Halima hakuweza kumchukia kama alivyotaka.

"Endelea."

"Nikamrudishia, nikamwomba tuonane jioni, faragha. Akasema gofuni Mikindani, hapo ndipo anapokutana na vijana. Nikamsihi autoe ule ukurasa. Nilipiga magoti, Inspekta. Na yeye akacheka." Akalisukuma jalada mbali naye. "Akasema, 'Bwana Swai, huyo ni mateka wangu sasa. Nimemteka bila mkuki. Hutampata tena.' Nikajua anataka kunishika kwa mtoto wangu maisha yote."

"Alikuwa anakutania."

"Mimi si mtani wake. Sisi kwetu watani wetu ni Wapare. Mtu mwingine akikwambia hivyo, amekutishia."

"Ndiyo," alisema Halima polepole. "Alikaa sana na sisi Wamakonde. Alisahau kuwa utani una wenyewe." Aliyasema kwa uchungu, kwa sababu aliisikia ile sauti na kile kicheko, na alijua Mikaeli alicheka kwa furaha. "Hakusema kitu kingine?"

Swai akainamisha kichwa.

"Alisema, 'Funua ukurasa, mzee.' Alisema mara mbili. Nikadhani ananionyesha mabaya zaidi. Nikalivuta daftari, naye akalivuta, nikamsukuma. Kichwa kiligonga. Alikuwa anakoroma. Nilisimama pale nikijiambia niite watu. Kisha nikafikiri wakija watauliza tuligombea nini. Nikaondoka." Akaanza kulia bila kujificha. "Uchungu wa mwana, Inspekta."

"Naujua," alisema Halima. "Kielelezo namba nne."

Elia akaweka mezani mfuko wa plastiki angavu. Ndani yake kulikuwa na karatasi yenye mikunjo minne na madoa ya mafuta. Sehemu ya chini ilikuwa imefunikwa kwa amri ya hakimu, na majina yote yalikuwa yamefungiwa kwenye bahasha ya lakiri. Kassimu naye alikuwa amehamishwa jana yake kwenda asikojua mtu. Kama ulinzi ule ungetosha, Halima hakujua. Mkuu wake alishapokea barua ya kueleza kilichokuwa mfukoni mwake na kwa dakika ngapi.

"Hii ndiyo iliyofuata," alisema. "Soma."

Swai alisoma kwa sauti, kama alivyozoea kusoma kanisani, mpaka sauti ikamwisha.

"*Akalitupa shimoni bila kumgusa mtu. Alimfunga majeruhi kwa shati lake, akampandisha bodaboda hadi hospitali, akakimbia kwa hofu ya baba. Ndiye wa kwanza wa ugomvi ule kuja kwangu. Yuko tayari kutoa ushahidi. Baba yake aambiwe taratibu, atajivunia.*"

Nje, kwenye benchi la korido, kijana mrefu alikuwa ameketi na mama yake. Alikuja mwenyewe alfajiri kuandikisha maelezo juu ya Magomeni. Hakuna aliyemwita.

Swai aliweka kidole juu ya plastiki, kwenye neno moja.

"Shati gani?"

"Jeupe. Mistari ya buluu. Tunalo stoo tangu Machi, tulikuwa tunamtafuta mwenyewe."

Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Nilimnunulia mimi, la Krismasi," alisema. "Nilimchapa kwa kulipoteza."